Viungo vya Mchuzi na Viungo vya Mwili: Habari za Dawa za Jikoni Katika Kisiwa cha Pemba

Katika Kiswahili neno moja, kiungo, lina kazi mbili. Ndilo jina la mahali mfupa ukutanapo na mfupa, kama goti na kiwiko na kifundo cha mguu. Tena ndilo jina la kitu kitiwacho chunguni ili mchuzi upate ladha, kama tangawizi na manjano na pilipili manga. Asili ya maneno hayo ni moja, kuunga: mifupa imeungwa, na mchuzi huungwa. Nilipokuja Pemba kufundisha, mimi mtu wa bara niliyelelewa katika shule ya misheni, nilidhani kwamba kukutana kwa maana hizi mbili ni bahati ya lugha tu. Sasa nimekaa hapa miaka ya kutosha kuona kwamba katika nyumba za Wapemba viungo hivi viwili hukutana kila siku: mtu aumwapo na kiungo cha mwili, kwanza hutafutiwa kiungo cha jikoni.

Nawaandikia hasa walimu wenzangu na mapadre waletwao kufanya kazi visiwani. Wengi wetu tulifika na wazo moja tu juu ya dawa za nyumbani, ya kuwa zote ni uganga, na uganga wa Pemba sifa yake imefika mbali. Wazo hilo limefanya madhara, nami nilikuwa mmoja wa walioyafanya, kama nitakavyoeleza mbele.

Tuanze na jina la ugonjwa. Maumivu ya viungo, yale yawapatayo wazee hasa alfajiri na siku za mvua, watu wa pwani huyaita baridi yabisi. Baridi kila mtu aijua. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Basi jina lote ni kusema "baridi iliyo kavu", na anayelisikia mara ya kwanza huona ajabu, kwa kuwa ugonjwa huu huzidi wakati wa mvua, wala si wakati wa ukavu. Lakini jina hili halikubuniwa na mtu aliyetazama mbingu. Ni kipande cha elimu ya kale iliyosafiri mbali mno kabla ya kufika pwani yetu. Matabibu wa Kiyunani, Hippocrates na baada yake Galen, walifundisha kwamba mwili hutawaliwa na majimaji manne, na kila moja lina tabia yake: moto au baridi, ubichi au ukavu. Waarabu walizitafsiri kazi zao, na Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 akafa mwaka 1037, aliikusanya elimu hiyo katika kitabu chake kiitwacho Kanuni, ambacho kilisomwa hata katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Kwa elimu hiyo ugonjwa wa baridi hutibiwa kwa kitu cha moto, na ugonjwa wa moto hutibiwa kwa kitu cha baridi. Moto huo si wa kuguswa kwa mkono. Pilipili manga ni ya moto hata ikilala usiku kucha katika maji ya mtungi.

Basi bibi asiyejua kusoma hata herufi moja akisema, "Tangawizi ni ya moto, itamtoa baridi," hasemi neno la ushirikina. Asema aliyoyasema Ibn Sina, ila kitabu chenyewe hakukiona. Nilipolielewa jambo hili niliona haya, maana mimi niliyejiita msomi nilikuwa nikimcheka mtu kwa kushika elimu ambayo maprofesa wa Ulaya waliifundisha muda mrefu sana.

Sasa nieleze desturi zenyewe. Kwa baridi yabisi, tangawizi mbichi hupondwa kinuni, ikachemshwa, ikanywewa ingali moto, mara nyingine pamoja na mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kitunguu thomu huliwa, na habasoda pia, ambayo Waislamu huiheshimu sana kwa sababu ya habari zilizopokewa kwa Mtume wao. Goti huchuliwa kwa mafuta ya nazi yaliyokaangiwa karafuu au tangawizi iliyopondwa, na kuchua kwenyewe ni kazi ya watu waijuao, wala si kusugua tu. Mwanamke aliyejifungua hupewa uji wenye pilipili manga, akakandwa kwa maji ya moto, katika zile siku arobaini zake, kwa maana husemwa kwamba mwili wake umefunguka na baridi yaweza kumwingia. Aliyeteguka mguu hupakwa manjano yaliyochanganywa na chumvi, kisha hufungwa kitambaa. Na katika msimu wa karafuu, wakati watu wazima na vijana wapandapo mikarafuu mirefu, walioteguka hawakosekani. Jino likiuma, karafuu moja hutafunwa polepole au huwekwa juu ya jino. Lakini uvimbe ulio mwekundu na wenye kuwaka, wazee wenye akili hawaupaki pilipili. Hutafuta kitu cha baridi, kama liwa iliyosuguliwa juu ya jiwe la msio pamoja na maji, wakampa mgonjwa na maji ya ukwaju anywe. Hapo pia hawakutoka katika elimu ile ya kale, kwa kuwa liwa na ukwaju vyote viwili vimehesabiwa kuwa ni vya baridi.

Majina ya viungo yatupa historia ambayo hakuna aliyeiandika kwa kusudi. Pilipili manga ni pilipili ya Manga, yaani Arabuni, hasa upande wa Omani; kadhalika kungumanga na komamanga. Si kwamba vyote viliota huko. Pilipili manga kwao ni Bara Hindi, na kungumanga kwao ni visiwa vya Maluku. Bali watu wa pwani waliviita kwa jina la nchi ya wale waliovileta katika majahazi. Mdalasini jina lake limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China. Bizari ni neno la Kiarabu la mbegu, na ndiyo maana hata leo mtu akisema bizari tu, muuza duka humwuliza, "Bizari gani?" Karafuu nayo ni neno la Kiarabu. Hapa niwaonye wageni: karafuu maiti si karafuu kamwe. Hiyo ni kafuri, ile nyeupe yenye harufu kali, itiwayo katika kumwosha maiti, na masikio ya watu yameyachanganya majina mawili yaliyokaribiana. Mwalimu mmoja mgeni aliagiza karafuu maiti kwa ajili ya pilau yake. Mwenye duka alimpa pole.

Ya kuwa viungo hivi ni vya zamani katika pwani yetu, tuna shahidi. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kisha akashuka Mombasa na Kilwa. Katika habari za Mogadishu ameeleza kwamba alikirimiwa wali wenye samli, na kando yake ndimu na pilipili zilizotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na maembe. Pilipili hizo haziwezi kuwa pilipili hoho, kwa maana hoho asili yake ni bara la Amerika, nayo haikuvuka bahari ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi tangawizi ilikuwa mezani pwani yapata miaka 700 iliyopita, na ilikuwa mezani, si katika mkoba wa mganga. Jambo hili naliona kubwa. Vitu hivi vilikuwa chakula na dawa pamoja, na hakuna aliyeweka ukuta kati yake.

Karafuu ilikuja baadaye, nayo historia yake ina machungu. Kwao ni Maluku, na Waholanzi waliilinda huko kwa ukali ili wengine wasiipate. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuipata miche yake ikapelekwa katika kisiwa cha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Wengi humtaja Mwarabu Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta. Sayyid Said bin Sultani akawahimiza wenye mashamba kupanda. Pemba ilipanda pia, lakini Unguja ndiyo iliyotangulia mpaka Aprili 1872, tufani ilipopiga na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi sana. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, watu wakapanda mikarafuu Pemba kwa pupa, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi hutoka Pemba. Nani aliipanda? Watumwa, waliotolewa bara, na miongoni mwao jamaa za wazee wetu sisi watu wa bara. Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na mwaka ule ule Marafiki, wale waitwao Quaker, walianza kazi yao Pemba, wakakaa Banani, ili kuwasaidia waliokuwa watumwa. Sitaki mtu asifu harufu ya karafuu jamvini akasahau mgongo uliozibeba.

Lakini tazama yaliyotokea kwa dawa. Kitu ambacho duniani kote kilikuwa ghali, kilichopimwa kwa mizani ndogo, Pemba kilianikwa juu ya majamvi mbele ya kila mlango. Karafuu ikawa dawa ya maskini. Hata katika miaka ambayo serikali ilipiga marufuku magendo ya karafuu na kuwaadhibu vikali waliozivusha, punje mbili tatu za jino la mtoto hakuna aliyezihesabu.

Nayo dawa hiyo ni ya kweli. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, pana kiwanda kikamuacho mafuta kwa mvuke kutoka katika makonyo, yaani vikonyo vibakiavyo baada ya karafuu kuchambuliwa. Katika mafuta hayo kitu kilicho kingi ni yujenoli. Madaktari wa meno ulimwenguni huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda, kwa sababu hufisha ganzi na kutuliza. Bibi wa Wete na daktari wa London wamekutana katika punje moja.

Sasa yafaa tuseme uvimbe ni nini. Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, moto na maumivu. Kiswahili kina maneno ya dalili zote, lakini jina moja la kuzikusanya lilikuwa gumu. Vitabu vya tiba vya siku hizi vimechagua mchochota, neno zuri la kale litokalo katika kuchochota, kuwasha na kuchoma kama kidonda kiguswacho na ndimu. Sasa, kama kiungo kilichovimba kina moto, mbona wazee hukiita baridi? Na mbona hukitibu kwa vitu vya moto, na mgonjwa akapata nafuu?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1971, Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huamsha maumivu na uvimbe. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1982. Baadaye wachunguzi walipoijaribu yujenoli ya karafuu, na vitu vikali vya tangawizi, na kurkumini iliyoyapa manjano rangi yake, waliona katika maabara kwamba navyo huzuia baadhi ya njia hizo hizo. Basi ukali ule ulimi uuitao moto, ndani ya mwili hufanya kazi ya kupoza. Wazee walikosea sababu, lakini mkono wao ulikwenda kwenye kopo lililo sawa.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Lililoonekana katika chupa ya maabara si lazima lionekane katika goti. Tangawizi imejaribiwa kwa wagonjwa wa magoti, na nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo. Manjano yana shida nyingine: kurkumini hupita tumboni na kutoka, ikaingia damuni kidogo mno. Mwaka 1998 wachunguzi wa India walionyesha kwamba ikitolewa pamoja na piperini, ile ikali iliyomo katika pilipili manga, huingia kwa wingi zaidi. Nilipoyasoma hayo nikakumbuka mchuzi wa Pemba, ambamo manjano hayaendi peke yake, bali pamoja na pilipili manga na tui la nazi. Sisemi kwamba waliobuni mchuzi huo waliijua piperini. Nasema tu kwamba haukuwa mchuzi wa kipumbavu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka yangu ya kwanza hapa, mtoto akija darasani anuka thomu, au amefungwa kitambaa chenye manjano, nilikuwa nikimtoa mbele ya wenzake na kuuliza kama shule ni kilinge cha waganga. Watoto walicheka, nami niliona nimefundisha. Mmoja wao, mvulana wa miaka kama kumi na miwili, aliumwa na jino la nyuma. Nyumbani aliwekewa karafuu, na karafuu ilifanya kazi yake: maumivu yalinyamaza. Siku ya tatu shavu lilivimba. Alikuja shule amejifunga leso kichwani mpaka kidevuni, na nilipouliza alisema ana mafua. Siku ya tano hakuweza kufungua kinywa, na mwili ulikuwa na homa kali. Tulimkimbiza hospitali, wakampasua chini ya taya, usaha ukatoka. Alipona, na kovu analo. Daktari aliniambia kwamba usaha kama ule huweza kushuka shingoni ukaziba njia ya pumzi, na kwamba tulikuwa na siku moja au mbili tu.

Nilikwenda kumwona bibi yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi karafuu niliweka kwa jino. Kwa shavu ningekwambia. Lakini mtoto alisema mwalimu hapendi." Sikuwa na jibu. Karafuu ilinyamazisha jino bila kuondoa usaha, nami nilikuwa nimemnyamazisha mtoto.

Tangu siku ile sikuwakataza tena, bali huwauliza. Nami huwafundisha mambo machache ambayo naona kila mwalimu aliyeko huku angefaa kuyajua. Shavu au ufizi ukivimba, au homa ikiambatana na uvimbe, karafuu imekwisha kazi yake. Ni wakati wa hospitali. Kiungo kimoja cha mtoto kikivimba ghafula na kuwaka, na mtoto hataki kukanyaga, kisichuliwe hata mara moja, kwa maana huenda kuna usaha ndani ya kiungo au katika mfupa. Tumbo liumalo upande wa kulia chini halitibiwi kwa chai ya tangawizi. Mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa ni makali mno kuliko punje yenyewe. Huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa huweza kuharibika ini. Anywaye dawa ya hospitali ya kuifanya damu iwe nyepesi asiongeze tangawizi na manjano kwa wingi bila kumwambia daktari. Na manjano ya unga yapasa kuangaliwa yatokako: mwaka 2019 wachunguzi walieleza kwamba huko Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyatia rangi yenye risasi ili yang'ae. Hapa Pemba mtu aweza kuotesha manjano nyuma ya nyumba, akayachimba, akayachemsha, akayaanika na kuyatwanga mwenyewe, wala si kazi kubwa.

Kuna uvimbe mwingine ambao viungo havina neno nao kabisa, nao ni matende. Zamani watu waliuchua na kuupaka kila kitu, na mguu ukazidi kunenepa, kwa kuwa asili yake ni vijidudu vinavyoletwa na mbu. Tangu mwaka 2001 serikali ilianza kugawa dawa za ugonjwa huo kwa watu wote wa Unguja na Pemba, nyumba kwa nyumba. Nasikia kwamba mwanzoni wapo walioficha vidonge chini ya ulimi kwa kuogopa. Waliofaulu kuwashawishi hawakuwa wale waliokuja na maneno makali juu ya ujinga, bali majirani wenyewe, watu wa mtaa ule ule, waliojua nani wa kumwamkia kwanza.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye magoti mabaya, aliniuliza juzi hospitali walimwambia nini, maana karatasi yake iliandikwa neno asilolijua. Nikamsomea: mchochota wa kiungo. Nikamweleza kwamba madaktari husema goti lake lina moto, wala si baridi. Alilifunika goti kwa kiganja, akafikiri kitambo. "Mwalimu," akasema, "moto nausikia kweli, hasa jioni. Lakini alfajiri ni baridi." Akasema vidonge atavinywa. Kisha akaniomba nimsogezee kinu, akaendelea kuponda tangawizi yake.